Mkungu wa Ndizi Juu ya Char

Mkungu wa ndizi niliuchonga kwa kipande cha sabuni, na sabuni yenyewe niliichukua mezani kwa Mama Mukubwa bila kumwomba. Ulikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Nilitumia wembe na sindano, ndizi moja moja, safu tatu, kisha nikaupaka kijani na kuufunga kwa uzi ubavuni mwa char. Nilijisifu sana. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri zaidi kwa mikono yangu, na mpaka leo sipendi kukikumbuka.

Vitabu vya Kiswahili vinasema kifaru. Kwetu Kisangani kifaru ni mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mashine ya vita ni char, neno tuliloachiwa na Wafaransa na Wabelgiji, na watoto wanalijua kabla ya kujua kusoma. Char yangu ilikuwa mchezo tu. Urefu wake ulikuwa kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, na iliendeshwa kwa rimoti. Mtu mmoja aliniletea ikiwa imekufa, kwa sababu natengeneza simu na redio kwenye kimeza mbele ya nyumba. Hiyo ndiyo kazi niliyoipata baada ya miaka mitano ya fizikia chuo kikuu. Mtu yule alisema atarudi Jumamosi. Jumamosi nyingi zikapita. Mwishowe nikaifungua kwa ajili yangu mwenyewe.

Kwanza nilitaka tu itembee. Betri zake zilikuwa zimevimba, nikaweka seli nilizozitoa kwenye kompyuta mbovu. Mota moja ilikuwa imeungua, nikapata nyingine ndani ya printa. Minyororo ya plastiki ilikuwa imepasuka kabisa, nayo ilinisumbua wiki nzima mpaka nikakumbuka baiskeli za toleka. Zamani mji huu wote ulibebwa nyuma ya baiskeli hizo; sasa pikipiki zimezishinda na nyingi zimelala nyuma ya nyumba zikiota kutu. Nilinunua cheni mbili, nikazikata, nikazipanga pande zote mbili. Char ikawa nzito, ikashika ardhi, ikapanda tofali. Nikaongeza spika ya redio chini ya mnara wa bunduki. Sauti ya injini nilirekodi kwa simu kwenye mashine ya kusaga mihogo, nikaipunguza mwendo mpaka ikawa nene.

Hapo ningeweza kuacha. Lakini ilikuwa inang'aa, na char inayong'aa ni ya uongo. Nikaanza kuipa uzee: masizi ya sufuria kwenye bomba la moshi, vumbi jekundu lililochanganywa na gundi kwenye cheni, mikwaruzo kwa msasa pale ambapo buti la askari lingekanyaga. Nikatafuta picha kwenye simu. Zote zilikuwa za theluji au za jangwa. Sikutaka theluji. Nilitaka char iliyopita hapa, kwenye barabara yetu ya Tshopo, na nilimjua mtu mmoja aliyeiona.

Mama Mukubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Ndiye aliyenilea tangu mama alipokwenda Kinshasa. Ana meza yake pembeni ya yangu, anauza sabuni, chumvi, mafuta ya mawese kwa vichupa. Nilipokuwa mdogo aliniita Pourquoi, kwa sababu niliuliza kwa nini kila saa. Nilimwuliza mwalimu wa madrasa Mungu anajuaje dua iliyosemwa kwa Kiarabu kibaya. Nilimwuliza daktari kama ameshaona malaria kwa macho yake. Mama Mukubwa alicheka, akanipa karanga ninyamaze. Jambo moja tu sikuwahi kumwuliza. Wakati wa vita ile ya siku sita, majeshi mawili ya wageni yakipigania mji usio wao, alimpoteza binti yake wa miaka saba. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, sikumbuki kitu. Kila mwaka tunamsomea dua hapa nyumbani, tunakula wali, watu wanarudi kwao. Hakuna anayesimulia.

Nilimwendea saa nne asubuhi, wateja wakiwa wachache, nikiwa na daftari.

"Mama Mukubwa, ile char uliona wakati wa vita, ilikuwa namna gani? Nipe détails."

Alinitazama kidogo, halafu akacheka. Kwetu kuuza détail ni kuuza rejareja, kidogo kidogo.

"Détail? Weye unakuja kuomba détail kwangu? Mi nauzaga détail tangu mama yako hajaolewa. Sabuni détail, chumvi détail. Chukua kiti."

Nikavuta kiti. Akaliangalia daftari, na uso wake ukabadilika.

"Unaniandikia ya dua?"

Alikuwa ameniomba hilo miaka miwili nyuma. Alisema watoto wa siku hizi wanakula wali wa dua bila kujua wanamwombea nani, na kwamba mimi niliyesoma niandike karatasi moja isomwe kwanza. Nilimwambia nitaandika. Sikuandika.

"Mm," nikasema.

Si ndiyo, si hapana. Nimeifikiria sana hiyo "mm". Mtu anaweza kusema uongo mkubwa bila kufungua mdomo.

Akaanza. Ilitoka upande wa pont, daraja la mto. Rangi yake kijani, lakini si kijani ya majani mabichi. "Kijani ya pondu iliyolala," alisema, yaani kisamvu kilichopikwa jana. Tope mpaka juu, jekundu chini na jeusi juu, kwa sababu ya mvua ya usiku ule. Askari mmoja alikaa nje, amefunga kitambaa kichwani. Niliandika haraka. Pondu iliyolala! Hakuna picha ingenipa rangi ile.

"Na walikuwa wamefunga vitu. Godoro. Bidon ya njano. Na mukungu wa ndizi, ndizi mbichi. Nikawaza, kumbe na hawa wanakulaga."

Nikapiga mstari chini ya ndizi.

Akaendelea, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Siku ya tatu maji yalikuwa yamekwisha. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kisima cha watu. Alivuka na beseni, akawaacha watoto chini ya kitanda. Akainama kisimani, mgongo barabarani, na ile char ikapita katikati, kati yake na nyumba. Binti yake alitoka, akafika getini, akamwita. Jirani alikuwa upande wa pili wa ukuta, yeye alisikia: mtoto aliita Mama mara tatu.

"Ningesikia, ningemwambia arudi ndani. Ama ningekimbia. Char ilikuwa inapita. Hakuna sauti ya mutu unaweza kusikia mbele ya char." Akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Halafu bombe ikaanguka."

Kalamu yangu ilikuwa imesimama muda mrefu. Hapo hapakuwa na kitu cha kuweka kwenye mchezo wangu. Nilingoja, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kukohoa, kisha nikauliza kile kilichokuwa bado kinanisumbua.

"Minyororo yake ilikuwa mipana?"

"Minyororo gani?"

"Ya chini. Ya kutembelea."

"Haikuwa na minyororo. Ilikuwa na pneu. Nne huku, nne huku. Kubwa."

"Mama Mukubwa, char haina pneu."

"Mi niliona pneu."

"Basi haikuwa char. Hiyo ni gari tu, gari ya vita ya matairi, yenye chuma." Nilisema kwa furaha ya mtu aliyekamata kosa. Naijua furaha hiyo, ni tamu, ilinipa alama nyingi chuoni. "Char yenyewe ndiyo inapigaga kelele, juu ya zile chaînes. Hizi za pneu hazina kelele vile."

Sikujua. Nataka niandike hilo wazi. Sijawahi kusimama karibu na gari la aina hiyo, wala sikuwa nimesoma popote kuhusu kelele zake. Nilisema tu, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Hazina kelele," akarudia.

"Si kama char."

Mteja akaja kutaka sabuni. Mama Mukubwa akakata kipande, akakipima kwa jicho, akampa. Mimi nikafunga daftari.

Siku zilizofuata nilichanganya rangi. Nilipata pondu iliyolala kwa kijani, kahawia na tone la rangi nyeusi ya kucha. Nikashona godoro kwa kitambaa cha shati na pamba. Bidon, yaani dumu, nikaichonga kwa kifuniko cha chupa. Ndizi nimeshazisema. Minyororo ya cheni sikuitoa, ingawa sasa nilikuwa na rangi na mizigo ya gari moja juu ya miguu ya lingine. Kwa mchezo wangu sikudai ukweli mwingi kama niliomdai yeye.

Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba Mama Mukubwa anaacha meza. Kila gari kubwa lilipotoka upande wa daraja, magogo au saruji, aliinuka, akaenda mpaka getini, akasimama na mgongo barabarani. Likipita, anarudi. Kwanza nilifikiri anatafuta mtu. Halafu nikaona kichwa chake kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio mbovu.

Jirani naye aliona. Ni yule yule jirani. Anakaanga mikate, yale maandazi madogo ya mviringo, kwenye geti lake lililopakana na letu, na hakuna kitu kinachompita.

"Dada yangu iko anapima magari sasa," akaniambia. "Amekuwa police de roulage, wa barabarani?"

Nikacheka. Jioni ile Mama Mukubwa akaniuliza, bila kunitazama, mikono ikiwa kwenye beseni la vyombo:

"Pourquoi. Ile gari ya pneu. Kelele yake iko kama ya nini?"

"Sijui, Mama Mukubwa."

"Juzi ulijua."

Nikasema nina kazi. Nikaenda kwenye kimeza changu, nikawasha char, nikaipandisha juu ya tofali mara tatu bila kuiona.

Aliiona char kwa karibu kesho yake. Nilikuwa nimeiacha juani ikauke, nikaenda kununua risasi ya kulehemu. Niliporudi alikuwa ameketi kwenye kiti changu, char mapajani, miwani puani. Alikuwa anaigusa kwa kidole kimoja: godoro, bidon, tope. Alipofika kwenye ndizi akasimama. Akazinusa.

"Hii ni sabuni yangu."

"Ndiyo, Mama Mukubwa."

"Na hii ni mukungu yangu."

Niliiweka risasi ya kulehemu mezani.

"Donc ile daftari ilikuwa ya hii." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Leta."

Nikamletea. Hajui kusoma sana, lakini anasoma. Akafuata maneno kwa kidole: kijani, pondu iliyolala. Tope jekundu chini, jeusi juu. Kitambaa kichwani. Godoro, bidon, NDIZI. Minyororo? Halafu ukurasa ulikuwa mweupe.

"Mutoto yangu iko wapi humu?"

Nilitazama ukurasa kana kwamba mimi pia namtafuta.

Akakata uzi kwa meno, akautoa mkungu, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Char akaiweka chini taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Nilingoja matusi, na huenda machozi. Yeye akasema:

"Weye unapendaga preuve. Kila kitu preuve, ushahidi. Bon. Mi pia nataka preuve. Ng'ambo ile kisima kilikuwa pale kwenye ukuta mweupe. Mi nasimama pale, mgongo huku. Weye simama getini. Camion kubwa ikipita katikati, uniite Mama. Mara tatu, na nguvu yako yote. Kama nasikia, basi nilisikia na siku ile, na moyo wangu ndio ulikataa. Kama sisikii, sikusikia."

"Mama Mukubwa, camion si ile gari."

"Iko na pneu," alisema. "Twende."

Ilikuwa karibu saa sita, jua likiwa kali. Alivuka na beseni tupu, nadhani bila kujua kwamba amelibeba. Akasimama mbele ya ukuta mweupe, mgongo kwetu. Nilihesabu hatua kwa macho: thelathini, labda chini kidogo. Jirani alikuwa anageuza mikate mafutani. Hakuuliza. Alielewa kabla yangu, akapunguza moto ili mafuta yasilie.

Nilisimama pale nikiwa na akili yangu yote ya chuo. Jaribio lile lilikuwa bovu kila upande. Gari si lile, masikio yake yameongezeka miaka zaidi ya ishirini, sauti yangu ni ya mwanaume, na yule aliyekuwa kisimani siku ile hakuwa anangoja kuitwa. Profesa wangu angelitupa. Lakini yeye angelala na jibu lake, lolote ambalo lingetoka, kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Lori la magogo likatokea upande wa daraja. Nililiona kwa mbali, nikasikia ardhi. Nikajaza kifua. Lilipofika katikati yetu nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kuombea chumvi mezani.

"Mama."

Magogo yakapita.

"Mama."

Mara ya tatu hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu vizuri.

Lori likaenda. Vumbi likakaa. Mgongo wake ulikuwa pale pale. Bega moja lilikuwa limepanda kidogo, la kushoto, lakini huenda ni beseni. Nililitazama bega lile kama nilivyotazama vipimo vyote maishani mwangu, na sikupata kitu.

Akavuka kurudi.

"Uliita?"

"Niliita."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu yote, Mama Mukubwa."

"Sikusikia," alisema. Akasema tena kwa sauti ya chini, si kwangu: "Sikusikia." Akaingia ndani na beseni.

Jirani aliongeza moto. Alitoa mikate minne, akaifunga kwenye karatasi, akanipa, jambo ambalo hafanyi.

"Weye uko na ugonjwa ya koo?" akauliza.

Nilifungua karatasi ya mikate.

"Yule mutoto pia aliitaga vile. Pole pole. Alikuwa na woga, sauti haikutoka. Mi nilisikia juu nilikuwa hapa hapa kwenye ukuta." Akageuza mikate. "Hata kama hakuna gari, mama yake hangesikia."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia mutoto aliita mara tatu. Pole pole sikusema. Hakuniulizaga."

"Ni kweli, ama unasema tu?"

"Pourquoi," akasema, kwa jina ambalo ni Mama Mukubwa peke yake huniita, "kula mikate yako."

Sijui kama ni kweli. Huenda ni kweli; huenda naye alinusa uongo wangu, akauongezea wake ili nitulie. Ninachojua ni kwamba nilipoishusha sauti yangu sikujua kwamba mtoto aliita pole pole. Kama nilimwita kama mtoto alivyoita, nilifanya hivyo kwa bahati, kama mwizi anayeiba dawa akidhani ni pipi.

Tangu siku ile Mama Mukubwa haachi meza magari yakipita. Mkungu wa ndizi uko mezani kwake, katikati ya vipande vya sabuni. Mteja mmoja aliuulizia, akajibiwa kwamba ile haiuzwi détail. Char iko chini ya kitanda changu, betri nimezitoa. Na karatasi ya dua ninaiandika kweli sasa. Amenipa vyote: nguo mtoto aliyovaa, wimbo aliokuwa anaukosea, jino lililokuwa limetoka juzi yake. Pneu nne huku, nne huku, nimeandika kama alivyosema. Imebaki sehemu ya kuitwa. Ananiambia niandike kwamba hakusikia na kwamba tulipima. Neno "tulipima" limenishinda mara tano.

Ukweli wa jirani siwezi kumpa bila kumpa na wangu. Vitu hivyo viwili vimefungwa pamoja. Nimejaribu mara mbili kusema, na mara zote mbili nilichagua wakati gari kubwa linapita, nikiwa nimekaa kwenye kimeza changu, hatua tatu kutoka kwake. Mara ya kwanza hakuinua kichwa.

Mara ya pili ilikuwa leo asubuhi. Lori la saruji. Nilisema yote, nikitazama bisibisi mkononi: kwamba niliita pole pole, kwamba sikuthubutu, kwamba jirani anasema mtoto naye aliita pole pole. Lori likaisha kabla ya maneno yangu kuisha. Mama Mukubwa alikuwa anakata sabuni. Kisu kikasimama katikati ya mche.

"Umesema nini?"

"Hapana kitu, Mama Mukubwa."

Akaweka kisu chini. Akasogeza vichupa vya mafuta upande mmoja, akafanya nafasi mbele ya meza yake.

"Sema tena," akasema. "Gari imepita."

Nikavuta kiti.